Skripti ya kuingia asubuhi: VBScript inazikwa, nihamie lugha gani?

Mwana_Langoni (mwenye uzi)

Masalkheri wajuzi wa pwani na bara.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta, peke yangu, kwenye taasisi moja hapa kisiwani Lamu. Tuna kompyuta 46. Thelathini na moja ziko kwenye nyumba ya mawe Langoni, 15 ziko ng'ambo Mokowe, na kinachotuunganisha ni redio juu ya mlingoti. Seva za Windows ni mbili, kila upande moja. Mfanyakazi akiingia asubuhi kuna skripti, yaani faili ya amri zinazojiendesha, inayomtandikia meza: diski H ya faili zake, S ya idara, P ya picha na ramani, printa ya ghorofa anayokaa, halafu kidirisha cha tangazo la siku.

Skripti hii niliikuta. Aliyeiandika alikuwa keshaondoka, alichoniachia ni funguo na daftari lenye kurasa mbili. Ni VBScript, lugha ya skripti ya Microsoft, mistari 640. Mstari wa kwanza ni `On Error Resume Next`, yaani ikijikwaa inanyamaza na kuendelea, kama mtu aliyeteleza gatini akainuka haraka asionekane. Kuna kompyuta tatu za uhasibu ambazo S inakuja siku nyengine, siku nyengine haiji, na mimi sina pa kushika.

Sasa nasikia VBScript inatolewa kwenye Windows. Nikiandika upya, nataka niandike mara moja tu. Kichwani nina nne: bat (faili za amri za kale za Windows), KiXtart, PowerShell, Python. Python ndiyo niijuayo, nasema mapema msije mkanishtukia. Nyinyi mngeshika ipi?

---

Nahodha_Mstaafu

Masalkheri mwanangu. Nimeshika seva tangu zama za Windows NT 4. Wataka herufi tatu za diski na printa moja, na unahesabu lugha nne? Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

`net use H: \\seva1\nyumbani\%USERNAME% /persistent:no`
`net use P: \\seva1\ramani /persistent:no`

Basi. Bat haisakinishwi, iko kila Windows, na atakayekuja baada yako ataisoma akiwa amesimama. Jambo moja la kuangalia: ukihifadhi faili kwa Notepad usiiache kwenye UTF-8 yenye BOM, ile alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili. Zile baiti tatu za mwanzo zinajibandika kwenye `@echo off`, Windows inasema haiijui amri hiyo, na watu wote wataona amri zako zikipita kwenye skrini.

---

Mwana_Langoni

Shukran mzee wangu. Ila S ya uhasibu si S ya mapokezi. Skripti lazima ijue mtu yuko kikundi gani.

---

Nahodha_Mstaafu

Zamani tulitumia `ifmember`, ilikuja na Resource Kit, kifurushi cha zana za ziada cha Microsoft. Siku hizi waweza kufanya `whoami /groups` ukaipeleka kwenye `find` na jina la kikundi.

---

BintiMkomani

Mzee kwa heshima, hapo ndipo bat inapoanza kuuma. `find "Uhasibu"` itamkamata wa Uhasibu na itamkamata wa Uhasibu-Wasomaji pia, kwa sababu inatafuta herufi, haitafuti kikundi. Niliwahi kumpa mtu wa mapokezi folda ya mishahara kwa njia hiyo hiyo. Haki za folda zilimzuia asifungue, alhamdulillahi, lakini jina la folda aliliona, na Lamu unaijua: kufika adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba iko.

Kuhusu VBScript, usiende na uvumi. Lugha yenyewe ni ya 1996. Oktoba 2023 Microsoft iliiweka kwenye orodha ya vitu inavyoviacha, na Mei 2024 ikatoa ratiba. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 imebaki kama kipengele cha hiari, ila kimewashwa. Mnamo 2027 hivi kitakuwa kimezimwa mpaka ukiwashe mwenyewe. Baada ya hapo kinaondolewa kabisa. Kwa hivyo kesho asubuhi hutaamka ukute ofisi imesimama, lakini kuandika mistari mipya kwa VBScript leo ni kupaka rangi jahazi linaloenda kuvunjwa.

---

Casuarina_Fundi

Niko Malindi. Nilikuwa hoteli moja ya ufuoni, wageni wengi Waitaliano, kompyuta 80 na kitu. Kumi na mbili kati ya miaka yangu pale tuliishi na KiXtart. Vijana hawaijui, acha niisemee kidogo.

Iliandikwa na Ruud van Velsen, wa Microsoft Uholanzi, maalumu kwa kazi hii ya kuingia mtandaoni, si kazi nyengine. Mwenyewe hataki pesa yako, anataka ukiitumia utoe sadaka kwa wenye shida. Na ilikuwa na kitu kitamu:

`If InGroup("Uhasibu") Use S: "\\seva1\uhasibu" EndIf`

Ile habari ya BintiMkomani ya kukamata kikundi kisicho chake haipo hapa. Umeuliza kikundi, umejibiwa kikundi.

Lakini sikushauri. Nilipoondoka, kijana aliyenirithi alinipigia simu kila wiki kwa miezi mitano. Si kwamba lugha ni mbaya. Akitafuta msaada mtandaoni anakutana na majibu ya watu waliokwisha staafu, mfano mimi na Nahodha.

---

Nahodha_Mstaafu

Mimi sijastaafu kujibu.

---

Mwana_Langoni

Hahaha. Na Python? Ningeimaliza Jumamosi moja.

---

BintiMkomani

Kaka, Python haiji na Windows. Kuna kidude kinachoitwa python.exe ndani ya Windows 10 na 11, lakini ukikiita kabla hujasakinisha kinakufungulia duka la Microsoft. Fikiria watu 46 wameingia kazini asubuhi, wote wamefunguliwa duka.

Utasema utaisakinisha. Sawa, kompyuta 46, na kila ukija mpya uikumbuke, na kila toleo likizeeka ulisasishe. Utasema utaiweka seva moja na wote waisome kutoka pale. Hapo ndipo redio yako ya Mokowe itakuadhibu, kwa sababu Python ikianza tu inafungua faili ndogo ndogo nyingi, na kila moja inavuka mlango wa bahari na kurudi. Upana wa redio haukuokoi hapo, kinachokuumiza ni ule muda wa kwenda na kurudi.

Python itumie kwa ripoti zako mwenyewe kwenye seva. Kwa mlango wa asubuhi, tumia kilichomo ndani ya Windows tayari.

---

Kijana_Mokowe

PowerShell tu, mjadala uishe. Iko ndani tangu Windows 7, ilitoka mara ya kwanza Novemba 2006, Jeffrey Snover na wenzake. Kwenye Windows 10 na 11 unakuta 5.1 bila kusakinisha chochote. Ile 7 ni kitu cha pembeni, unaisakinisha mwenyewe, kwa hivyo skripti ya kuingia iandike kwa 5.1 usijitafutie kazi.

---

Nahodha_Mstaafu

Na ile kompyuta yenye diski ya kuzunguka, RAM ya gigabaiti 4? PowerShell ikiamka pale unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi. Bat ingekuwa imemaliza na kulala.

---

Kijana_Mokowe

Mzee hilo kweli, sikatai. Sisi huku Mokowe tuna mbili za namna hiyo.

---

Casuarina_Fundi

Mwana_Langoni, kabla hujachagua lugha nikuulize swali. Kati ya hizo kazi tano, zipi zinahitaji skripti?

Tangu Windows Server 2008 kuna kitu ndani ya Group Policy, ile mipangilio ambayo seva inazipa kompyuta zote, kinaitwa Preferences. Unafungua, unasema: diski S, njia hii, kwa aliye ndani ya kikundi hiki tu. Diski P, kwa kompyuta zilizo kwenye anwani za Mokowe, soma seva ya Mokowe. Hakuna mstari hata mmoja wa lugha yoyote. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya Update na Replace, chagua Update. Replace inaikata diski na kuiweka upya, na mwenye faili wazi atakutafuta.

Nilipofanya hivyo hotelini, KiXtart ya mistari 300 ilibaki na mistari 20. Ndipo nikajua kwamba swali la lugha nilikuwa nimelikuza bure.

Angalizo: kwenye Preferences kulikuwa na mahali pa kuweka neno la siri. Lilifichwa kwa ufunguo ambao Microsoft wenyewe waliuchapisha kwenye nyaraka zao, kwa hivyo halikufichwa. Mei 2014 wakatoa sasisho MS14-025 la kuzuia kuweka mapya. Lakini ya zamani halikuyafuta. Kama mtandao wako ni wa kabla ya hapo, tafuta neno `cpassword` ndani ya SYSVOL, folda ya seva inayohifadhi mipangilio hiyo.

---

Mwana_Langoni

Nimetafuta. Cpassword haipo.

Lakini nilipokuwa nikitafuta nimeona jambo jengine. Mstari wa 212 wa skripti. Kuna jina la akaunti ya msimamizi wa domeini, yaani mwenye mamlaka juu ya mtandao mzima, na neno lake la siri, limeandikwa wazi, kwa ajili ya kusakinisha printa.

---

BintiMkomani

Subhanallah.

Kaka acha uzi huu, nenda ukalibadilishe sasa hivi. Folda ya NETLOGON, ilimo skripti yako, inasomwa na kila mwenye akaunti. Inabidi iwe hivyo, la sivyo skripti isingefanya kazi. Maana yake kila mfanyakazi, kila mwanafunzi wa mafunzo aliyepita hapo miezi mitatu, angeweza kuifungua kwa Notepad na kuwa wewe.

---

Nahodha_Mstaafu

Na kabla ya kulibadilisha tazama ni huduma gani nyengine zinaitumia akaunti hiyo. Chelezo (backup) za usiku mara nyingi. Ukibadilisha bila kuangalia, chelezo zitakufa kimya na utajua siku unayozihitaji.

---

Mwana_Langoni (saa nne usiku)

Nimebadilisha. Mzee Nahodha Mungu akuweke, chelezo za seva ya Mokowe zilikuwa zikitumia akaunti hiyo hiyo. Nimezitengenezea yake. Sasa printa hazisakiniki kwa watu wapya, lakini acha nilale kwanza.

---

Kijana_Mokowe

Za printa hizo hata ungebaki na neno la siri, mambo yamebadilika. Baada ya lile tatizo la 2021 waliloliita PrintNightmare, sasisho la Agosti mwaka ule lilifanya mtumiaji wa kawaida asiweze kusakinisha dreva ya printa, ile programu inayoiendesha, kutoka seva. Lazima awe na haki za msimamizi. Watu wengi walihangaika na skripti zao wakidhani lugha ndiyo mbovu. Wakahama VBScript kwenda PowerShell, na kosa likawafuata huko huko.

Dawa: dreva iweke kwenye kompyuta mapema, kwa mkono wa msimamizi au kwa skripti ya kuwasha kompyuta, maana ile haifanyi kazi kwa jina la mtumiaji. Dreva ikishakuwepo, kumuunganisha mtumiaji na printa ni mstari mmoja:

`Add-Printer -ConnectionName "\\seva1\Ghorofa2"`

---

Ustadhi_wa_Linux

Nyote mnazungumza kama leseni ni bure. Samba, programu huria ya seva ya Linux, tangu toleo la 4.0, Desemba 2012, inaweza kusimama kama seva ya domeini yenyewe, na Windows zikaingia bila kujua tofauti.

---

BintiMkomani

Ustadhi, kweli tupu. Lakini seva ikiwa Samba, kompyuta za wafanyakazi bado ni Windows, na skripti inasomwa upande wao. Swali la lugha liko pale pale.

---

Mwana_Langoni (siku nne baadaye)

Nimerudi na mafanikio nusu.

Diski zote tatu nimezihamishia Preferences. Ile kazi ya `InGroup` sasa ni kuweka alama kwenye kisanduku. Kilichobaki nimekiandika PowerShell: printa na tangazo la siku. Nilijaribu kwanza kuweka diski P kwa `New-PSDrive -Persist` ndani ya skripti, ikaonekana sekunde moja na kutoweka. Nusu siku nimepoteza kabla ya kujua kwamba bila `-Scope Global` diski inakufa pamoja na skripti. Naandika hapa mwengine asipoteze nusu siku yake.

Sasa shida. VBScript ya zamani iliitwa kutoka kwenye akaunti ya mtumiaji, pale penye nafasi ya jina la skripti. Nilipoweka ps1, yaani faili ya PowerShell, pale, haikufanya kitu. Nikaihamishia Group Policy. Inafanya kazi, lakini printa zinakuja dakika tano baada ya mtu kuingia. Si nne, si sita. Mkuu wetu wa masijala ameanza kupima kwa saa ya mkononi.

---

Casuarina_Fundi

Hizo dakika tano si ajali. Tangu Windows 8.1 skripti za kuingia zinazotoka Group Policy zinasubirishwa dakika tano, ati mtumiaji apate skrini yake haraka. Tafuta mpangilio unaoitwa Configure Logon Script Delay, uuwashe, uweke 0.

Nami nilipimwa kwa saa ya mkononi, na meneja wa Kiitaliano. Pole.

---

Kijana_Mokowe

Ongeza na execution policy, kanuni ya PowerShell ya skripti zipi ziruhusiwe, uiweke kwa Group Policy usiiachie kila kompyuta. Kwa asili kompyuta za kawaida zimefungwa zisiendeshe faili za ps1 kabisa, seva ndizo zenye RemoteSigned, inayoruhusu skripti za ndani. Na usije ukamwambia bosi kwamba huo ni ulinzi. Microsoft wenyewe wanasema si ukuta. Ni kama kamba mlangoni, ya kumkumbusha asiyekusudia.

---

Mwana_Langoni

Sifuri imekubali. Masijala ametulia.

Zimebaki zile tatu za uhasibu. S bado inakuja na kutokuja, na sasa hakuna VBScript tena wa kulaumiwa.

---

BintiMkomani

Vizuri, maana yake kosa halikuwa la lugha tangu mwanzo. Fanya hivi: mstari wa kwanza kabisa wa skripti yako uandike saa na jina la kompyuta kwenye faili ndani ya `$env:TEMP`. Siku S isipokuja, tazama. Kama mstari upo, Group Policy ilifika na S peke yake ndiyo iliyoshindwa. Kama mstari haupo, Group Policy yenyewe haikufika, na unatafuta mahali pengine.

---

Mwana_Langoni (siku mbili baadaye)

Haupo. Jana S haikuja kwa wawili kati ya watatu, na kwa hao wawili faili haina mstari wa jana.

---

Nahodha_Mstaafu

Hizo kompyuta zina waya au hewa?

---

Mwana_Langoni

Hewa. Uhasibu wako chumba cha ndani, ukuta wa matumbawe, mkono mzima wa unene na zaidi. Kifaa cha Wi-Fi kiko ukumbini, upande wa pili.

---

Nahodha_Mstaafu

Basi nimeshaiona. Kompyuta inawaka, Wi-Fi bado inatafuta njia ya kupenya yale matumbawe, mtu ana haraka anaandika neno lake la siri. Windows inamkumbuka kutoka jana, inamfungulia mlango kwa kumbukumbu bila kuiuliza seva. Skripti iko seva, Group Policy iko seva, na seva haionekani. Baada ya dakika moja mtandao unakuja, lakini mlango ulishapitwa. Siku akichelewa kuandika kwa sababu anamimina chai, yote yanakuja.

Kuna mpangilio wa Group Policy wa kuilazimisha kompyuta isubiri mtandao kabla ya kuingiza mtu. Uwashe. Lakini kwa Wi-Fi hafifu utasaidia kidogo tu. Pitisha waya.

---

Casuarina_Fundi

Wallahi nimecheka peke yangu. Mistari 640, lugha nne, watu sita wazima, na mchawi ni ukuta.

---

Mwana_Langoni

Kutoboa ukuta siwezi, nyumba ni ya urithi na Mji wa Kale una masharti yake, tangu 2001 tuko kwenye orodha ya UNESCO. Nitauliza kama kuna tundu la zamani.

---

Mwana_Langoni (wiki tatu baadaye)

Nilisema nitarudi.

Tundu lilikuwepo, la bomba la maji lisilotumika, limezibwa kwa chokaa tu. Waya umepita. Asubuhi 14 mfululizo S imekuja kwa wote watatu, nimehesabu.

Hesabu ya mwisho: VBScript mistari 640 imefutwa. Diski ziko Preferences. PowerShell ni mistari 38, haina neno la siri, ina maelezo kwa Kiswahili juu ya kila kazi. Zile kompyuta mbili za zamani za Mokowe, mzee Nahodha, nimeziandikia bat ya mistari sita ya printa tu, na zinaingia haraka kuliko zote. Sikutaka kukwambia.

---

Nahodha_Mstaafu

Lakini umeniambia.

---

BintiMkomani

Mistari 38 kwa printa tu? Mbona mingi?

---

Mwana_Langoni

Printa ni mistari 11. Iliyobaki yote ni tangazo la siku. Nilitaka kuliondoa, hakuna mtu analisoma, wanalifunga kabla halijafunguka. Mkubwa amekataa katakata. Sasa anataka liwe na rangi.

---

Kijana_Mokowe

Rangi gani?

---

Mwana_Langoni

Kila siku rangi yake. Ijumaa kijani. Nikimaliza nitafungua uzi mwengine.